Buti za Triffie Rumbolt

Ukitaka kumwona Triffie Rumbolt akikasirika, mwambie kwamba kazi yake ni fahari yetu. Fahari! Hapa Ghuba ya Pardy, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, alishalisikia neno hilo mpaka masikio yakamchoka. Alianza kushona buti za ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari ya barafu, akiwa msichana, pembeni mwa mama yake, na enzi hizo hakuna mwanamume aliyekanyaga barafu kwenda kuwinda bila buti zilizoshonwa na mwanamke wa hapahapa. Siku hizi kila gari lina stika ya kuwaunga mkono wawindaji wa sili, na kila mguu uko ndani ya buti ya mpira kutoka ng'ambo. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa usianze maneno.

Bingwa wa stika alikuwa Garland Pye, mwenyekiti wa wawindaji, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuamsha wafu. Alishapelekwa hadi kwenye televisheni, akawachamba watu wa miji mikubwa wanaomlilia sili huku wanatafuna kuku. Tulimshangilia hadi tukakaukwa na koo. Jaketi alilovaa siku ile lilikuwa la nailoni, limetoka hukohuko kwa aliokuwa akiwachamba, wala hatukuliona. Triffie aliliona. Alizima televisheni, akarudi kwenye meza yake ya kazi ambayo haikuwa na kazi.

Majira yale ya baridi kiwanda cha kulainisha ngozi kilimwambia waziwazi kwamba asipoagiza, hawatamwekea tena ngozi. Aagize za nini, na hakuna anayevaa? Ndipo jumba la makumbusho la mjini likamwomba meza yake, kalibu zake za mbao za kuundia buti na msharasi wa mama yake wa kutobolea ngozi, viwekwe nyuma ya kioo ili watoto waone watu wa zamani walivyoishi. Watu wa zamani, na mwenyewe bado anapumua! Alikubali, akaenda kukaa karakanani bila hata kuwasha jiko. Jirani yake Blanche aliyaona macho yake mekundu, na kufikia jioni kijiji kizima kilijua, maana sisi ndivyo tulivyo. Gari la makumbusho lingekuja Jumatatu.

Jumapili ilikuwa siku ya karamu ya pai ya mapezi ya sili katika ukumbi wa kanisa. Blanche ndiye mwenye mkono wa pai hiyo: mapezi, vitunguu, mafuta ya nguruwe na mchuzi mzito. Kwetu hakuna aingiaye ndani na viatu, hata awe amevunjika mguu, kwa hiyo buti zote hubaki varandani. Na kwa kuwa zote zimetoka duka moja, nyeusi tii, kuondoka huwa ni vurugu tupu. Mwaka uliotangulia mzee Ephraim alitembea wiki nzima na buti mbili za mguu wa kushoto, akalaumu baridi yabisi.

Watu walipoanza kushiba, Garland alisimama kumuaga Triffie, ati anastaafu. Aliongea vizuri, nisimwonee. Alimwita mama wa buti, akamkabidhi picha ya yeye Triffie ndani ya fremu, na watu wakapiga makofi huku wanafuta machozi. Triffie aliitazama ile picha, akailaza kando ya viazi, akatoka nje. Tukadhani ameenda kulia.

Alirudi amekumbatia buti za watu, akazimwaga zote juu ya meza kuu, katikati ya pai, maji ya theluji yakichuruzika kwenye mchuzi.

"Nitafutieni humo buti moja ya sili," alisema. "Moja tu, nami nitakaa chini. Zangu nimeziacha mlangoni."

Hakuna aliyeinua mkono. Garland alikohoa.

"Shangazi, kutetea uwindaji si lazima uvae sili. Mimi natetea haki ya mtu kuwinda. Haki haivaliwi miguuni."

Watu walinong'ona kwamba hapo kasema. Hata mimi nilidhani bibi wa watu amekwisha.

"Haki unayo, Garland," Triffie alimjibu. "Uliipigania, na mimi nikakupigia makofi. Usichonacho ni mnunuzi. Kila siku unawagombeza watu wa mbali kwa kutonunua ngozi zetu. Wewe ulinunua lini?"

Masikio ya Garland yaliiva. Mtu mmoja nyuma akalalamika kwamba buti za Triffie ni ghali. Blanche akatoka jikoni kama alivyo, na unga mikononi, akamwambia kwamba anayenunua buti za mpira kila vuli na kuzitupa kila masika hana mdomo wa kusemea bei, na kwamba yeye Blanche ndiye mjinga wa kwanza. Akachana kipande cha karatasi iliyotandikwa mezani, akakilaza sakafuni, akasimama juu yake na soksi yake yenye tundu.

"Haya, nipime."

Kalamu haikuwepo ila ile nene ya mchezo wa bingo, nyekundu. Triffie alipiga magoti, akauzungushia mguu wa Blanche wino. Alipoinua kichwa kulikuwa na foleni: watu wazima na soksi zao, kila mmoja na karatasi yake, wakisukumana kama watoto.

Garland alisubiri mpaka mwisho. Aliposimama kwenye karatasi, aliinama akaongea chini chini.

"Zile buti alizonishonea mama yangu nilizitupa baharini. Shuleni mjini walisema nanuka sili. Nikamdanganya zimeibiwa."

"Alijua. Zilielea mpaka gatini, nikamwopolea mimi."

"Alisema nini?"

"Alisema nisikuulize. Alisema siku aibu itakapokutoka, utakuja mwenyewe."

Garland, na mwili wote ule, alijifuta macho kwa mkono wa jaketi la nailoni. Kisha akaitoa ile sauti yake, wote tukasikia: zake zifike magotini, manyoya yawe nje, na televisheni ikija tena atainua miguu juu ya meza waione vizuri. Ukumbi ulilipuka. Mzee Ephraim alipiga sahani na uma hadi ikapasuka.

Garland akamshika Triffie mkono, akamwinua. Nywele zilikuwa zimemtimka, wino umemjaa viganjani, na karatasi za miguu yetu amezikumbatia kifuani.

"Sasa piga simu mjini," Triffie alimwambia. "Waambie gari lisije. Kesho naagiza ngozi zote zilizopo kiwandani, na meza yangu naihitaji."

Garland alipiga palepale, kwa sauti ya mwenyekiti, na sisi tukaziba midomo ili tusikie vizuri akiwaambia. Triffie aliketi, akala pai vipande viwili, akaomba cha tatu. Mchuzi ulimchuruzika kidevuni, wala hakujali.