Vumbi Nililolionea Huruma

Taku. Mlio ule naukumbuka kuliko hata sauti za watu. Kitufe cha "kweli" kwenye kompyuta yangu kilikuwa kimelegea, na kila nikikibonyeza, chumba kizima pale juu ya duka la vigae, mtaani Junda, kilisikia. Taku. Taku taku.

"Aki wewe!" alicheka mwenzangu wa meza ya pili, msichana wa kutoka bara. "Leo mbingu yote imelipuka?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Darubini kubwa, huko mbali juu ya mlima, hupiga picha anga ileile kila usiku. Kompyuta huondoa katika picha mpya vyote vilivyokuwamo katika ya zamani. Kinachobaki ndicho kigeni. Pengine ni nyota iliyolipuka, mwanga wa kuwaka na kufifia upesi. Mara nyingi ni takataka tu: vumbi, mstari wa taa za ndege, kasoro ya kamera. Sisi tulijibu "kweli" au "si kweli", na kwa majibu yetu mashine ikajifunza kubagua yenyewe. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa alama za kunong'ona, walinichukua kwa majaribio. Nashukuru mpaka leo. Mimi, kufundisha mashine mambo ya angani!

Shida ilikuwa moyo wangu. Nikiona kidoa hafifu kimejikunyata pembeni, nawaza: je, kama ni nyota inakufa, na hakuna mwingine atakayeiona? Nitaifukuzaje? Taku.

Majaribio yakikaribia kwisha, msimamizi wetu akaniita. Mama wa Kisauni, mtulivu, hata kukemea alikemea kama anayekukaribisha chai.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Keti. Mashine tuliyoilisha majibu yako imekuwa kama wewe. Kila vumbi, nyota."

"Ina huruma," nikasema, nikijaribu kucheka.

"Inayo, wallahi. Lakini ikisema kweli, darubini nyingine hugeuzwa zikatazame. Zikishughulika na vumbi, nyota yenyewe itamngoja nani? Ile haingoji." Akaniambia wazi kwamba nikiendelea hivyo wiki ile, hataweza kuniombea nibaki.

Nikarudi nyumbani nimenywea.

Kesho yake asubuhi mtoto wa dada yangu aliamka na homa, macho yamepinduka. Tukamkimbiza zahanati. Foleni ilifika nje, na mlangoni alisimama mama mmoja mwenye sare, kazi yake kuamua nani aingie. Nilimwona mkavu. Kwa baba aliyefunga kidole kitambaa alisema, "Keti, baba, kidole hakikimbii." Bibi mmoja akalalamika, "Nami naumwa!" "Najua, bibi yangu. Subiri kidogo." Alipomwona mtoto wetu hakuuliza neno. Alimpokonya mikononi mwa dada, akaingia naye ndani.

Nikaketi benchi moja na yule baba wa kidole. Aliniambia pole, na kwa kweli hakuonekana kuchukia. Nikamtazama, nikautazama ule mlango, nikatulia. Adhuhuri mtoto alikuwa akidai kula kaimati. Yule mama wa mlangoni sijui hata jina lake, lakini kila nikiomba dua namtaja.

Niliporudi kazini nilimwambia mwenzangu, "Nifundishe kukataa."

"Hatimaye!" Akavuta kiti. "Usikiangalie hicho kidoa peke yake. Angalia majirani zake. Mwanga wa nyota ukipita kwenye darubini hutawanyika kidogo, kwa hiyo nyota zote kwenye picha zinafanana umbo. Chenye makali kuliko wenzake, hicho kimezaliwa ndani ya kamera."

Alikaa nami vile siku nzima, akinitania na kunisahihisha, na kazi yake mwenyewe ikilala.

Mwisho wa wiki msimamizi alichungulia mlangoni. "Wewe mwenye huruma. Jumatatu usichelewe." Basi. Mwenzangu akapiga kigelegele, wote wakashuka kwenda kula viazi karai. Nikasema nawafuata.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha moja bado. Kimwanga chembamba, chenye mabawa manne, kizuri ajabu. Nikawaangalia majirani zake: wote mviringo, wamefifia ukingoni. Chenyewe kilikuwa na makali kama sindano. Hapakuwa na wa kumuuliza. Nilikitazama mpaka nikashiba.

"Pole," nikakiambia, nikajibu si kweli.