Posa Iliyopitia Mfumo wa Ofisi

Wakati haya yananikuta nilikuwa karani wa kampuni moja ya Kigoma iliyonunua dagaa na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, na kuwapeleka mikoa mingine. Ofisi ilikuwa mjini, chumba kimoja juu ya duka la magodoro; boti na karakana zilikuwa Bangwe, ziwani. Nilikuwa nimeshaolewa mara moja, nikarudishwa kwa baba Ujiji kama chupa tupu ya soda, na sikuwa na haraka ya kujazwa tena.

Basi akaletwa meneja mpya kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye viatu vya ncha, naye akatuletea mfumo. Kazi zote, ruhusa zote, taarifa zote, sharti zipite humo, kwa simu au kwa kompyuta, ili makao makuu Dar nao waone. Aliusifia kama mganga anavyosifia mizizi.

"Kisichokuwa kwenye mfumo hakijatokea," alituambia.

Siku hiyohiyo umeme ukakatika, kwa hiyo mchana kutwa hakikutokea kitu.

Meza yangu na yake zilikuwa karibu kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye ninayejifuta. Lakini akitaka faili, ananiandikia. Simu inalia mkobani, naitoa, nasoma, nanyanyuka, nampa. Kisha ananitumia picha ya kidole gumba. Nami nakitazama kidole gumba chake mwenyewe, kizima, kimelala mezani bila kazi.

Mtu aliyefaidika na mfumo alikuwa fundi wa injini za boti. Alikuwa mtu wa Kidahwe, mgane, mrefu, na maneno kwake yalikuwa kama meno ya dhahabu: anayo machache na hayaonyeshi ovyo. Akija ofisini alikuwa anasema "Mwakeye", salamu ya Kiha ya asubuhi, hata kama ni alasiri, halafu analitazama feni mpaka nimpe alichofuata.

Kwenye mfumo alifunguka. Chini ya kila kazi palikuwa na nafasi ya kuandika maoni, na fundi akaipenda nafasi hiyo. "Plagi za boti ya pili nimebadilisha. Leo ulivaa kijani." Nikajifanya sikuona. Kesho yake: "Boti kubwa inavuja oili. Wewe hujambo?" Nikajibu, "Sijambo. Inavuja wapi?" Hapo ndipo nilipokosea, au nilipopatia, maana kuanzia siku hiyo injini za kampuni ile zilianza kuharibika kuliko injini zozote ziwani. Meneja alifurahi sana. Alituma ripoti Dar kwamba karakana ya Bangwe inaongoza kwa ushirikiano kazini.

Asubuhi moja simu zote ofisini zikalia kwa pamoja. Nikatoa yangu. "Umepangiwa kazi mpya." Kichwa cha kazi: Kumposa karani wa mjini. Umuhimu: wa juu kabisa. Wahusika: wote. Chini yake fundi ameandika, "Nataka kwenda Ujiji kwa baba yako nikaseme. Kama hutaki, niambie humuhumu, nisifunge safari bure."

Nilihisi masikio yanawaka. Kabla sijapumua, majibu yakaanza kumiminika kutoka Dar, kwa watu ambao sijawahi kuwaona. Mtu wa manunuzi aliuliza kama tumekusanya bei kutoka kwa washindani watatu. Wa usafirishaji alitaka kujua Ujiji ni mbali gani ili apange gari. Mmoja alituma mioyo myekundu, akaifuta, akaituma tena.

"Ifute," nilimwambia meneja, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alikuwa anabonyeza hapa na pale, jasho linamtoka. "Haifutiki. Kazi ikishawafikia wote, mhusika anaikubali au anaikataa. Na akikataa anatoa sababu."

"Sababu zangu nizitoe mbele ya Dar es Salaam nzima?"

"Ndiyo utaratibu, dada."

Nikabeba mkoba nikatoka. Alinifuata hadi mlangoni akinikumbusha kwamba sijaomba ruhusa kwenye mfumo. Nilichomjibu hakiandikiki.

Nilipanda bodaboda mpaka Bangwe huku napanga matusi. Shida ni kwamba kila tusi nililolipanga lilikuwa linageuka swali. Mume wangu wa kwanza aliniposa kwa hotuba ndefu, watu wakalia. Huyu ameniposa kama anaagiza grisi. Kwa nini basi moyo unanidunda?

Nilimkuta amesimama majini, maji magotini, ameikumbatia injini. Hakuwa na feni la kutazama, akatazama milima ya Kongo.

"Fundi, umenifanya nini?"

"Nilitaka ikufikie wewe peke yako. Nikabonyeza kingine."

"Mdomo huna?"

Akafikiria. "Ninao. Lakini nikiwa mbele yako unakwama. Kule naandika, nasoma, nafuta, naandika tena. Hiyo nimeiandika tangu juzi."

"Yale maneno machache?"

"Yalikuwa mengi. Nikayapunguza."

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Nilicheka mpaka wanawake waliokuwa wakianika dagaa pale mchangani wakainuka kututazama. Yeye alibaki na injini yake, hajui kama amekubaliwa au amechekwa.

"Nenda Ujiji," nikamwambia. "Baba yangu hayumo kwenye mfumo. Kwake utasema kwa mdomo."

Alikuja Ijumaa baada ya sala, kavaa kanzu iliyonyooshwa mpaka ikang'aa. Nyuma yake akaja meneja na kompyuta kwapani. Alidai kwamba kazi imeanzia ofisini kwake, hivyo lazima aisimamie hadi mwisho. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, natazama na kusikiliza.

"Shikamoo mzee," walisema pamoja.

"Marahaba. Nani kati yenu aliyemtangaza mwanangu mpaka Dar es Salaam?"

Nikamwona fundi anatafuta feni. Nyumba yetu haina feni. Meneja akaona amsaidie, akafungua kompyuta.

"Mzee, kwa kifupi, mchakato wenyewe una hatua..."

"Wewe unaoa?"

"Hapana, mzee."

"Basi kunywa chai."

Meneja akanywa chai. Baba akamgeukia fundi, akangoja. Alingoja bila kukohoa, bila kumsaidia, na mimi huko nyuma nilikuwa nimelikunja pazia kwenye ngumi. Hatimaye fundi akasema, polepole, kila neno kalitoa kwa tabu, "Mzee, namtaka. Nitakaa naye vizuri. Sijui kusema zaidi ya hapo."

"Yule wa kwanza alijua kusema zaidi ya hapo," alisema baba. "Alisema saa nzima." Kisha akaniita jina langu kwa sauti, kana kwamba hakujua nipo hatua mbili kutoka kwake, akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema nimeridhika. Sauti yangu ilitoka nyembamba, mimi ambaye nimezoea kuwafokea wachuuzi wa samaki.

Tulifunga ndoa Ujiji, watu wakala pilau, na meneja alicheza vibaya kuliko wote. Jumatatu nilifungua mfumo nikabonyeza "Imekamilika". Yule wa manunuzi akaomba risiti. Baadaye meneja akahamishwa, mfumo ukafa kifo cha kawaida, na ofisini tukarudia kufokeana ana kwa ana kama watu wengine. Mume wangu bado hasemi sana. Akinuna huwa ananiandikia ujumbe kutoka sebuleni, mimi nikiwa jikoni, na mimi humjibu kwa kupiga kelele ili majirani nao wapate taarifa.