Daktari wa Muda Niliyemkataa

Mimi ni bwana shamba hapa Lituhi, mwajiriwa wa kudumu, na hilo tu lilitosha kunivimbisha kichwa. Mke wangu aliposhindwa kujifungua, daktari kijana pale kituo cha afya akasema apasuliwe sasa hivi. Nikamuuliza kama ameajiriwa pale.

"Niko kwa muda tu, mzee."

"Basi mke wangu si shamba darasa la kujifunzia!" nikafoka, nikakodi gari tukapanda hadi hospitali ya Mbinga.

Hospitalini nesi alitafuta mapigo ya mtoto, hakuyapata. Nikamfokea aniitie daktari wao wa upasuaji, yule wa kudumu.

"Ndiye tuliyewaazima Lituhi, baba," akasema taratibu. "Kijana mmoja hivi. Kwani hamkumkuta?"

Mke wangu akajibu kutoka kwenye machela.

"Tulimkuta."