Mume Wangu Ananililia Jukwaani na Mimi Ni Mzima

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, na kijiji usikitaje, andika tu Nkasi, maana kwetu watu wana macho. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina ndoa ya kanisani, naishi na mama mkwe wangu tukilima mahindi na ulezi. Mume wangu nitamwita Baba Skola, kwa jina la binti yetu ambaye Mungu alimchukua akiwa bado ananyonya.

Baba Skola alikuwa fundi kwenye karakana moja ya serikali Sumbawanga. Ilipouzwa wakapunguzwa kazi, akarudi nyumbani, akawa mtu wa kukaa kibarazani na gitaa lake kavu. Halafu akaenda Dar kutafuta maisha. Mwanzoni salamu zilikuja kwa madereva wa malori, baadaye zikakatika. Mama mkwe alinituliza, "Anayetafuta hana muda wa salamu, mwanangu. Vumilia." Nikavumilia. Nimelima peke yangu, nimemwogesha mama yake alipougua.

Mwaka huu shangazi yangu, ambaye siku hizi naye ni mfanyabiashara wa maharage kama kila mtu, akaniomba nimsaidie kupeleka mzigo Dar. Nilikubali haraka ili nikamtafute mume wangu. Jumapili alasiri binti wa mwenyeji wetu akaniambia, "Dada, kuna mwanamuziki wa kwenu anaimba Kifipa pale kwenye kituo cha utamaduni. Twende." Nilicheka. Kifipa tulichochapwa viboko tukikisema shuleni, leo watu wa Dar wanakaa chini kukisikiliza!

Kilikuwa chumba kidogo, watu hawajai hata darasa moja, wamekaa kwenye mikeka, kimya kama wanangoja misa. Hakuna spika, hakuna kucheza. Aliyeingia na gitaa alikuwa mume wangu. Amenawiri, amefuga na ndevu. Nikataka kuinuka nimwite kwa furaha. Akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini: "Wimbo huu nilimtungia mke wangu. Alifariki akijifungua, yeye na mwanangu. Tuliwazika kaburi moja."

Kisha akaimba. Wasomaji, hakutunga kitu yule. Ule ni wimbo wa kilio ambao mama yake aliuanzisha kaburini siku tunamzika Skola. Kwetu wimbo wa kilio una mwenyewe. Ukishamlilia uliyemzika, humwimbii mwingine, sembuse mtu aliye hai, maana huko ni kumchuria, kumwitia kifo. Yeye alitoa jina la mtoto wangu akaweka langu. Mzungu mmoja alikuwa analia, na binti niliyekwenda naye analia. Mimi sikulia. Marehemu ndiye mimi, nilie nini?

Alipomaliza, watu walipanga mstari kumpa pole, na mimi nikajipanga. Nilipomfikia nikampa mkono nikasema, "Pole kwa kufiwa na mkeo."

Akawatazama waliokuwa nyuma yangu, akanijibu, "Asante, dada."

Dada! Mimi niliyemzalia.

Alinifuata nje baadaye. Hakuniuliza nimefikaje, wala mama yake anaendeleaje. "Mama Skola, usinivunjie riziki," alisema. "Wafadhili wamenipendea wimbo huu, wanataka kunipeleka Ulaya. Wakijua upo, nitaonekana tapeli."

"Na Skola umemuuza?"

"Aliyekufa hadhuriki."

"Na mimi?"

Akatazama viatu vyake, akasema, "Kanda imeshatoka. Itaanza kupigwa redioni. Wewe nyamaza tu, nitakuja."

Nimerudi nyumbani. Mama mkwe alinipokea mzigo, akaniuliza kama nimemwona mwanawe. Nikamwambia, "Dar ni kubwa, Mama." Akasema nimepauka, akanikorogea uji. Kuolewa tena siwezi, ndoa ya kanisani haifunguliwi kama kamba ya mbuzi. Kurudi kwa wazazi wangu ningerudi leo, lakini mama huyu nitamwacha na nani? Mwanawe namchukia, nasema wazi. Mama mwenyewe sina neno naye, na moyo wake ni mgonjwa.

Tatizo ni kwamba kila jioni husogeza redio sikioni. Akisikia kilio alichomlilia mjukuu wake, kwa sauti ya mwanawe, kikinizika mimi niliyekaa naye jikoni, sijui kama ataamka kesho yake. Nimetoa betri nikazifukia kwenye gunia la ulezi, nikamwambia zimekwisha. Nilidhani nimemaliza kazi.

Kumbe hapana. Sasa anamlisha jogoo wake wa mwisho anenepe, akamuuze gulioni anunue betri mpya. Anasema lazima redio iwake, huenda mwanawe akatuma salamu, na akizituma zisitupite. Jogoo anazidi kunenepa, ndugu zangu. Nimwambie mimi kwa mdomo wangu kwamba mwanawe ameniua, au niache redio imwambie? Nishaurini, nifanye nini?