Nyaya za Betri Alizotengeneza Mdogo Wangu

Lori la baba ni la dizeli, la zamani, na nyaya zake za betri zilikuwa zimelika kwa kutu. Mimi ndiye niliyemtangulia kuanza ufundi, kwenye gereji ya pale Gungu, lakini kazi ya kutengeneza nyaya mpya baba alimpa mdogo wangu wa kike. Niliona wivu. Alikata nyaya nene za shaba, akabana terminali, vile vibanio vya kushika betri, kila ncha, akazifunga kwenye betri. Nikauvuta mmoja kwa nguvu zangu zote, nikiomba uchomoke.

"Vuta tena, kaka," akasema. "Nataka niwe na uhakika."

Alidhani namsaidia. Waya haukuchomoka. Baba akawasha, lori likanguruma mara moja.

"Kazi unaionaje?" baba akaniuliza.

"Nzuri," nilijibu, bila kumtazama mdogo wangu usoni.