Nilivyokuwa natorokea milima ya Upare kila asubuhi, hadi mke wangu aliponifuata

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa na wadogo.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, leo naweka ya kwangu. Picha sina, enzi hizo kamera ilikuwa ya mpiga picha wa mjini. Lakini ninachosimulia kimenipata mwenyewe na sijakipaka rangi.

Kilichonikumbusha ni hiki. Mwezi uliopita vijana watano wamepita hapa Same na baiskeli zile za matairi mapana, mountain bike, helmet kichwani, mifuko ya maji mgongoni. Wakaniuliza njia ya kupandia upande wa Mhezi na Chome. Mmoja akaniambia wametoka Dar kuja kutoa stress, na kwamba kuna wenzao wanakimbia kabisa kwa miguu humo msituni, wanaita trail running.

Nikawaelekeza. Walipoondoka nikabaki barazani nacheka peke yangu.

Kumbe lina jina.

Mimi nililifanya nikiwa na katambuga za tairi miguuni.

Sasa twende. Ilikuwa enzi za ruksa, tunakaribia miaka ya tisini. Waliokuwepo wanakumbuka. Vitu vilikuwa vimerudi madukani, sabuni ipo, betri zipo, mitumba inamwagwa chini kila siku ya gulio. Ila kazi ndiyo ikaanza kuyeyuka. Tulitoka kwenye kukosa cha kununua, tukaingia kwenye kukosa cha kununulia.

Mimi si Mpare. Nimezaliwa Kasulu, nikaja huku kijana kufuata kazi ya mkonge kama wengi wa kwetu. Nilianza kwa kukata, baadaye nikaingia korona, nikawa fundi msaidizi. (Korona ni mtambo wa kukamua majani ya mkonge yatoke nyuzi. Siyo ule ugonjwa, vijana msianze.)

Nikaoa binti wa Mhezi, huko juu. Familia ya Walutheri, wakulima, wamekaa kwenye mteremko ule tangu babu wa babu zao. Baba mkwe hakufurahi sana binti yake kuchukuliwa na mtu wa kuja, asiye hata na kishamba. Nilijiambia alikubali kwa sababu nilikuwa na kazi.

Tukapanga chumba kijijini huku tambarare, nusu saa kwa baiskeli hadi korona. Tukapata mtoto wa kike, Neema. Kuanzia hapo mke wangu akawa mama Neema, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Jumatatu moja tukaitwa uwanjani. Karani akatoa karatasi akaanza kusoma majina ya wanaopunguzwa. Langu lilikuwa la nne kutoka mwisho. Nakumbuka kwa sababu nilishaanza kupumua.

Nikarudi nyumbani. Mama Neema ameniwekea maji ya kuoga, mtoto anatambaa mlangoni. Akaniangalia.

"Umechoka?"

"Kidogo tu."

Nilipanga nimwambie baada ya kula. Baada ya kula nikasema kesho.

Wakuu, hiyo "kesho" ilichukua wiki tatu.

Asubuhi nikavaa nguo za kazi kama kawaida, nikachukua kikapu changu cha chakula, nikapanda baiskeli. Nikafika njia panda. Kushoto kunakwenda korona. Kulia kuna njia ya wanawake wanaoshuka na ndizi na magimbi siku za gulio, inapanda moja kwa moja mlimani.

Nikakata kulia. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuwa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza mbona hujaenda kazini.

Baiskeli yangu ilikuwa ile nyeusi ya Kichina ya chuma kizito, keria nyuma, gia hakuna. Breki nilizichonga mwenyewe kutoka tairi kuukuu la gari. Kuipandisha mlima ule ni adhabu. Kuna sehemu nilikuwa naisukuma, kuna sehemu naibeba begani, na kuna sehemu niliona kama ni yenyewe inayonisukuma mimi nirudi chini.

Lakini kadiri ninavyopanda, hewa inabadilika. Chini kule ni vumbi, miiba na joto. Ukipanda kama mwendo wa saa moja unaanza kuona udongo mwekundu, mifereji ya maji inapita kando ya njia, migomba. Ukizidi, ukungu. Halafu msitu wenyewe.

Siku ya kwanza nilifika ukingoni mwa msitu nikalala chini chali. Nikasikia moyo unadunda masikioni. Nikagundua kwamba kwa saa mbili nzima sikuwa nimemfikiria yule karani na karatasi yake.

Kesho yake nikarudi. Na keshokutwa.

Wiki ya pili nikawa naificha baiskeli kwenye kichaka na kuanza kukimbia. Sijui hata kwa nini. Nilikuwa naingia msituni nakimbia kwenye vile vijia vya wakata kuni, naruka mizizi, nateleza, nanyanyuka. Kuna siku mbega walikaa juu ya mti wananitazama kama wanamjadili kichaa.

Nilijua vijia vyote. Kipi kinatokea mtoni, kipi kinaishia kwenye jabali. Nilijua pia sehemu ambayo ukisimama unaona bati la nyumba ya wakwe zangu ng'ambo ya bonde. Hapo nilikuwa napita kasi zaidi.

Jioni nachukua baiskeli nashuka. Hapo ndipo raha yenyewe ilipokuwa. Mteremko wote ule, mawe, makorongo, upepo unakupiga kifuani, kisigino nimekigandamiza kwenye tairi la nyuma kusaidia breki. Kwa dakika zile sikuwa mtu aliyepunguzwa kazi. Nilikuwa mtu anayeshuka mlima, basi.

Nikifika kwenye mto wa chini naosha matope, napiga mluzi, naingia nyumbani.

Nilijiona mjanja.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mtu wa korona ananuka. Yale maji ya mkonge yanaingia kwenye nguo hadi kwenye ngozi, hata ufue vipi. Mama Neema ndiye aliyekuwa anafua.

Usiku mmoja akaniambia, "Baba Neema, siku hizi nguo zako hazinuki mkonge."

Nikamjibu haraka kwamba nimehamishiwa ofisini. Akaendelea kukunja nguo. Nikadhani yameisha.

Siku ya gulio shangazi yake alishuka na ndizi kutoka Mhezi. Akamwambia mama Neema, na haya nilikuja kuyajua baadaye, "Mumeo ana nini huko kwetu? Nimemuona mara mbili anakatiza msituni mbio kama mwizi wa kuku. Nimemwita, hakugeuka."

Wewe kama mke ungewaza nini? Mume ananukia vizuri, anarudi na udongo mwekundu kwenye kola, anaonekana milimani saa za kazi, na akiitwa anakimbia.

Ndicho alichowaza.

Alhamisi ya wiki ya tatu akamwacha Neema kwa jirani, akajifunga khanga kiunoni, akanifuata. Mimi na baiskeli, yeye na miguu yake. Ila kumbukeni yule amezaliwa kwenye mlima ule. Alipita njia za mkato ambazo mimi na ujuzi wangu wote wa wiki tatu sikuwa nazijua.

Siku hiyo niligeuza mapema, mchana tu, mvua ilikuwa inakuja. Nikaanza kushuka kwa kasi yangu ile ile.

Kuna kona moja, chini yake kuna ndiva. Ndiva ni yale mabwawa ya Wapare ya kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, yamechimbwa na watu wa zamani. Nakata kona, namuona mwanamke amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

Mke wangu.

Breki za tairi la gari, wakuu, kwenye udongo uliolowa kwa ukungu. Nilichoweza ni kupinda mpini. Baiskeli ikagonga ukingo, mimi nikaruka peke yangu, nikagonga jiwe kwa bega la kushoto, nikatumbukia kwenye ndiva.

Maji yalikuwa ya kifuani, matope ya magotini. Mkono wa kushoto hauinuki. Yeye ndiye aliyeshuka akanishika ukosi akanivuta. Aliponifikisha ukingoni, hata hakuangalia bega.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

Nikaanza kucheka. Maumivu, baridi, na hilo swali, nikacheka. Halafu kicheko kikageuka, sikuweza kukizuia. Nililia mbele ya mke wangu kama mtoto, matope yananitiririka usoni.

"Nimepunguzwa kazi."

Akaniachia ukosi.

"Lini?"

"Wiki ya tatu hii."

Akakaa chini kwenye majani yenye maji. Akaiangalia baiskeli, gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika.

"Sasa huku unafanya nini siku zote hizo?"

"Nakimbia."

"Unamkimbia nani?"

Ningesema namkimbia karani, lakini karani alikuwa ameshaondoka zake. Mtu niliyekuwa namkimbia alikuwa amekaa mbele yangu amelowa khanga.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Hakuna."

Akasema polepole, "Afadhali angekuwepo. Huyo ningejua la kumfanya. Wewe uliyekuwa unaniaga kila asubuhi, nikufanyeje?"

Nimepunguzwa kazi, nimevunjika mfupa wa bega, na baadaye maishani nimezika wazazi. Ile sentensi bado inaniuma.

Kurudi tambarare kulikuwa mbali, mvua imeshaanza. Kwao kulikuwa karibu. Akasema twende. Nikamwambia popote lakini siyo kwenu. Akaniambia, "Wiki tatu umechagua wewe njia. Leo nachagua mimi."

Nikaingia uani kwa wakwe zangu nimelowa, mkono umening'inia, baiskeli imebebwa na binti yao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akanitazama, akamtazama mwanawe, wakaongea Kipare haraka haraka. Sikuelewa yote, ila neno korona nililisikia. Mama mkwe akaniingiza ndani, akanifunga bega kwa kipande cha shuka, akanipa makande ya moto. Shemeji yangu akatumwa chini kumleta Neema.

Siku mbili baba mkwe hakuniambia kitu zaidi ya salamu. Nilikuwa nasubiri hukumu. Siku ya tatu asubuhi akanikuta nje najaribu kunyoosha gurudumu kwa mkono mmoja. Akaniangalia weee, halafu akasema:

"Kwani wewe ulidhani binti tulimuoza kwa korona?"

Akachukua jembe lake akaenda shambani.

Ni hayo tu. Wala hakuyarudia tena mpaka anaingia kaburini. Lakini mimi ningeweza kuyasikia siku ile ile ya Jumatatu, kama ningepanda ule mlima nikiwa na familia yangu badala ya kupanda peke yangu.

Tulikaa Mhezi karibu miaka miwili. Bega lilipopona nikalima na wakwe. Baadaye nikaanza kupandisha mafuta ya taa, sabuni na mitumba kwa ile ile baiskeli, kupitia vile vile vijia, kwa sababu mvua zikinyesha gari lilikuwa haliwezi kufika. Ndiyo ikatutoa polepole hadi kuja kujenga hapa Same mjini.

Msidhani nyumbani mambo yalikaa sawa kwa mkupuo. Mama Neema alichukua muda. Mwaka mzima nikitoka hata kwenda chooni anauliza, "Unaenda wapi?" Mwanzoni iliniudhi. Kisha nikajifunza kujibu. Nikawa nataja ninapokwenda, njia nitakayopita na saa ya kurudi. Na nikawa narudi.

Kuna asubuhi moja, bega limeshapona, nilikuwa nauangalia msitu ule na miguu inaniwasha. Nikaona aibu kuomba. Yeye alikuwa anapepeta mahindi, hakuinua hata kichwa.

"Si uende."

"Wapi?"

"Unakujua. Niambie tu unarudi saa ngapi."

Nikamwambia kabla jua halijawa kali. Nikaingia msituni nikakimbia. Wakuu, ni msitu ule ule, vijia vile vile, ila ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza ndege wa mle ndani. Wiki tatu zile nilikuwa nasikia pumzi zangu tu. Nikarudi jua bado changa, nikakuta chai.

Nilichojifunza ni kidogo. Mlima unasaidia, sikatai, mimi ni shahidi. Mwenye stress aende akakimbie, apande baiskeli, atoke jasho, avute hewa safi. Lakini ukienda kwa siri, unaubeba mzigo wako kwenda nao juu na unashuka nao. Nilikuwa naogopa mke wangu akijua sina kazi ataniona si mwanaume. Aliponiona nimelowa matope kwenye ndiva, bila kazi, bila mkono, alinivuta.

Najua humu kuna mtu asubuhi ya leo ameaga anaenda job, na job yenyewe iliisha siku nyingi. Yuko kwenye kivuli mahali anasoma huu uzi kwenye simu. Mkuu, sikuhukumu. Rudi nyumbani leo ukaseme.

Waliopitia kitu kama hiki semeni hapa, hata wenye kunicheka nawakaribisha. Na kina mama mlioishi na watu wa aina yangu, nawasubiri kwa hamu zaidi, upande wenu huwa hausemwi.

Maswali nitayajibu kuanzia mchana. Asubuhi nitakuwa mlimani, na nyumbani wanajua.