Mzee wa Koti na Kanda ya Harusi

Miaka ile video zilipoanza kujaa Sumbawanga, mimi ndiye niliyekuwa na tuzo ya mpiga picha bora wa filamu, na cheti chake nilitembea nacho kwenye begi hata nikienda harusini.

Kwenye harusi moja huko Mwimbi, mzee aliyevaa koti zito alinifuata tangu kanisani. Nikihama, naye anahama. Koti lilikuwa limetuna upande mmoja. Huyu ana panga, nikajua, anaitaka kamera. Nikawa nabonyeza kitufe cha kurekodi bila kuangalia kama taa nyekundu imewaka. Mshindi wa tuzo ataangaliaje taa kama mwanafunzi? Kila nikishusha kamera nanung'unika, "Hili zee ni jizi! Leo halinipati."

Nikamkwepa mpaka jioni, nikaondoka na njaa yangu.

Wiki iliyofuata nikapeleka kanda. Ukoo mzima ulikaa mbele ya televisheni, jenereta ikinguruma nje. Nikawekwa benchi moja na mzee wa koti. Kumbe ni baba mkubwa wa bibi harusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Kanda ikaanza. Kiapo hakuna, pete hakuna. Ni nyasi, viatu vyangu, na sauti yangu: "Hili zee ni jizi!" Nilipodhani narekodi nilikuwa nimezima, na nilipodhani nimezima ndipo nilipokuwa narekodi.

Mzee akanigeukia taratibu.

"Mwanangu, mimi nilipewa kazi ya kukulisha. Kuku wako mzima alipoa ndani ya koti hili."